Wivu Nilioufunga Ndani ya Injini

Sehemu ya Saba

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitarudi nyuma hatua chache tu, na aliyenifuata tangu mwanzo anivumilie.

Mimi ni fundi injini. Nafanya kazi kwenye gereji ya mama mkwe wangu, na mke nilimpata hapo hapo. Yeye alikaa kaunta ya spea, nami nilikuwa sikauki kwenda kuulizia gasketi nisizozihitaji. Gereji nzima inaniita Mizani, kwa sababu sifungi pistoni wala konrodi kabla ya kuipima, na mizani yangu ndogo haiguswi na mtu.

Miezi mitano iliyopita mama mkwe akaajiri fundi wa pili. Mrefu, mpole, anavaa miwani, na hashiki spana mpaka asome kwanza kitabu cha maelekezo. Wakampa jina la Msomi. Nilimchukia kabla hajamaliza chai yake ya kwanza.

Wiki iliyopita niliwaeleza nilivyorudi kutoka kumuuguza dada yangu, siku tano tu, nikakuta mambo mawili. Kucha za mke wangu zilikuwa na oili nyeusi ambayo hata sabuni ilishindwa kuitoa, naye akaniambia alikuwa anapanga rafu. Halafu nilipokaribia mlango wa stoo nikasikia sauti ya Msomi ikisema taratibu, "Shemeji, kaka asijue."

Kaka ni mimi. Shemeji ni mke wangu.

Leo nitasema nilichokuja kukijua. Ila siwezi kusema hayo kabla sijawaeleza juu ya siku ya meza, ambayo katika sehemu zote sita nimeiruka makusudi.

Mteja wetu mkubwa mwaka huu ni daktari wa meno, mama wa watoto wawili. Ana gari dogo la familia, viti vya watoto viko nyuma, makombo ya biskuti yamejaa kila ufa. Ukimwona na koti lake jeupe huwezi kudhani, lakini yule mama anapenda mwendo. Alitaka gari lile lile, la kupeleka watoto shule na kurudi sokoni, lipande milima kama limetukanwa.

Tukakubaliana kulifungia turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi. Sasa turbo ikiingia, konrodi za kiwandani haziwezi kustahimili. Konrodi ndiyo ile inayoshika pistoni kwa juu na krenki, ule mhimili unaozunguka, kwa chini, inapanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, na siku ikikatika haikatiki kistaarabu. Inatoboa injini, inatokea ubavuni, na gari linazima papo hapo popote lilipo, hata kama lori liko nyuma yako.

Mama mkwe akatuita mezani. Alikuwepo yeye, daktari, mke wangu na daftari lake la oda, Msomi na mimi. Juu ya meza zilikuwa zimelazwa konrodi tatu za mfano: moja ya chuma, moja ya alumini, moja ya titani.

Mimi jibu nilikuwa nalo tangu asubuhi. Nililirudia njia nzima nikija kazini, na nilikuwa nimeshalipamba. Titani ni nyepesi na ina nguvu, lakini haisamehe mkwaruzo. Mchubuko mdogo tu siku ya kufunga na ufa unaanzia pale. Alumini ni nyepesi zaidi, inapenda kuzunguka kwa kasi, lakini inachoka. Wanaoshindana mbio wanazibadilisha mara kwa mara kama wanavyobadilisha matairi. Kwa gari la kila siku, lenye foleni na baridi ya asubuhi na watoto nyuma, jibu ni moja tu, chuma cha kufuliwa.

Nikakohoa kidogo ili nianze.

"Hebu tuanze na mgeni," mama mkwe akasema, na akamgeukia Msomi.

Wasomaji wangu, yule bwana akasema maneno yangu. Titani na mkwaruzo, alumini na uchovu, foleni, baridi, watoto nyuma, hakuacha kitu. Aliyachukua mdomoni mwangu moja moja akayapanga mezani, na akafika mwisho wangu ule ule, chuma cha kufuliwa.

Daktari akauliza, "Kimefuliwa kwa sabuni gani?"

Meza nzima ikacheka. Msomi naye akacheka, kisha akamweleza kwamba kufua huku ni kule kwa mhunzi. Chuma kinapigwa kikiwa moto mpaka kinashikamana ndani kwa ndani, tofauti na kile kinachomiminwa kwenye umbo na kuachwa kipoe. Akaeleza vizuri. Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akainama akaandika kwenye daftari lake: chuma cha kufuliwa.

Nimekaa na mwanamke yule miaka tisa. Hajawahi kuandika neno langu hata moja.

"Na wewe, mwanangu?" mama mkwe akaniuliza. "Unakubaliana naye?"

Ni swali la kawaida. Kama angeniuliza "unasemaje", pengine leo nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia. Lakini aliniuliza kama nakubaliana naye. Miaka kumi na mmoja nimeinama kwenye injini za gereji ile, mgongo umepinda, halafu niitwe mezani kukubaliana na mtu wa miezi mitatu. Roho iliniuma mpaka nikahisi ladha yake ulimini.

"Alumini," nikasema.

Hili ndilo nililowaficha. Katika sehemu ya tatu niliandika kwamba "tulichagua alumini baada ya majadiliano". Hapakuwa na majadiliano. Kulikuwa na mimi na kijicho changu.

Nikaenda kuleta mizani yangu. Nikaiweka mbele ya daktari, nikaipangusa kwa kitambaa, nikapandisha konrodi ya chuma. Gramu mia tano na sitini. Nikaishusha, nikapandisha ya alumini. Gramu mia tatu na tisini. Nikamwambia daktari azidishe tofauti ile mara nne, kisha afikirie mzigo huo unapanda na kushuka mara elfu saba kwa dakika. Macho yakamng'aa. Mtu akishaona namba zinawaka kwenye kioo, maneno hayana kazi tena.

Msomi akauliza swali moja tu. "Kaka, hili si ni gari la kila siku?"

Nikamjibu kwamba yeye amezisoma injini na mimi nimeishi nazo. Akavua miwani, akaifuta, kisha akairudisha usoni.

Mama mkwe akafunga kikao. Alisema mkwe wake ndiye fundi mkuu na hawezi kumvunjia heshima mbele ya mteja. Seti ya konrodi za chuma, ambayo alikuwa ameshaagiza kwa kubahatisha, ikapandishwa rafu ya juu kwenye stoo na boksi lake halikufunguliwa.

Nikafunga injini ile kwa mikono yangu. Kwenye kofia ya kila konrodi, yaani kile kipande cha chini kinachokazwa kwa bolti mbili, nikagonga alama yangu ya siku zote, nukta tatu zilizokaa kama mafiga. Kila fundi pale ana alama yake, ili siku injini ikirudi ijulikane imepita kwa nani.

Gari likaruka. Daktari alirudi baada ya siku tatu akiwa amebeba katoni ya miswaki, akatugawia gereji nzima, akasema hajawahi kuona fundi kama mimi. Mama mkwe akanishika bega. Na mimi, badala ya kufurahi, nilikuwa namtazama Msomi nione kama ameumia. Hakuumia. Alipiga makofi na wengine. Nilirudi nyumbani na hasira.

Basi, tuje kwenye Ijumaa.

Mke wangu alinipa simu akasema daktari ananitaka. Sauti ya daktari ilikuwa ya kawaida kabisa. Alisema asubuhi akiwasha gari linagonga kidogo kwa chini, ko-ko-ko, likishapata joto linanyamaza, na je, ni kitu cha kumtia wasiwasi?

Moja kwa moja nikawaza konrodi. Nilimwambia si kitu kikubwa, aliache gereji Jumamosi jioni, na kabla ya hapo asiliwashe. Mke wangu aliponiuliza kuna nini, nikasema gasketi.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Jumapili gereji inafungwa. Ningeshusha boksi la konrodi za chuma, ningebadilisha zote nne peke yangu kabla ya jioni, ningegonga nukta zangu tatu, na hakuna kiumbe angejua. Daktari angepata injini salama, mimi ningebaki na jina langu, na Msomi angebaki na miwani yake.

Jumapili saa mbili asubuhi nilikuwa ndani. Nikapanda ngazi ya stoo, nikashika boksi, nikalivuta kwa nguvu kwa sababu najua uzito wa chuma, nikakaribia kuanguka nalo. Lilikuwa jepesi. Ndani kulikuwa na karatasi na vifuko vinne vya plastiki, vitupu.

Hapo nitawaambia ukweli wangu, na mnihukumu mnavyotaka. Nilifurahi.

Nilikaa juu ya ngazi nikicheka peke yangu. Mwizi. Yule mpole, yule wa vitabu, ameiba konrodi na kuziuza, na "kaka asijue" ilikuwa hiyo. Niliona jinsi nitakavyoingia kwa mama mkwe na boksi tupu mkononi, na jinsi mke wangu atakavyoinamisha kichwa. Kuhusu mke wangu kushiriki wizi sikutaka kufikiria, kwa maana wizi ulikuwa afadhali mara mia kuliko lile nililokuwa nikiliwaza wiki zote hizi. Wala sikuwa nafikiria injini tena. Nilikaa pale dakika nzima kabla sijakumbuka kwamba chini yangu kuna gari la watu linalogonga.

Nikashuka, nikainua gari kwa jeki, nikaliweka kwenye stendi. Nikamwaga oili. Nikafungua sampu, lile karai la chini linalobeba oili, nikalala chali kwenye kibao changu cha magurudumu nikaingia.

Kila kitu mle ndani kilikuwa cheusi kwa oili. Nilipeleka mkono kabla ya tochi, na mkono ukaniambia kitu ambacho kichwa kilikataa. Konrodi ya alumini ni nene, lazima iwe nene ili iwe na nguvu. Hii niliyoishika ilikuwa nyembamba.

Nikachukua fimbo ya sumaku, ile tunayookotea bolti zilizodondoka. Nikaipeleka kwenye shingo ya konrodi, mbali na bolti, ili nisijidanganye. Alumini haishikani na sumaku hata uibembeleze.

Ikashika. Tap.

Nikaivuta, nikajaribu ya pili. Tap. Ya tatu, ya nne. Zote nne zilikuwa chuma cha kufuliwa.

Nikapangusa kofia ya kwanza kwa kidole, nikamulika. Nukta tatu. Alama yangu. Nikapangusa ya pili, ya tatu, ya nne, zote zina nukta zangu tatu, na mimi konrodi hizi sijawahi kuzifunga. Nukta zilikuwa zimeenea sawasawa, kina kimoja, nafasi moja. Mimi yangu moja huwa inakaa pembeni kidogo. Hata alama yangu Msomi aliigonga vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Nikiwa bado chali nikasikia mlango wa bati. Miguu miwili miwili ikaja mpaka ubavuni mwa gari na kusimama. Ndala za mke wangu. Pembeni yake, viatu vya Msomi.

Jumapili, gereji imefungwa, na wamekuja pamoja. Damu ilinipanda kichwani nikiwa nimelala, na kama gari lingekuwa jepesi ningelisukuma kando.

"Toka huko chini," mke wangu akasema. "Tuongee."

Nikajivuta nje. Oili ilikuwa imenidondokea usoni. Mke wangu alikuwa ameshika chakula changu cha mchana kwenye bakuli lenye kifuniko, na Msomi ameshika spana moja ndogo ya namba kumi. Nikauliza mnafanya nini hapa wawili. Nilikusudia sauti itoke nzito, ikatoka nyembamba.

Msomi ndiye aliyeanza, na alinieleza akiangalia sakafu. Gari lilipoletwa kubadilishiwa oili ya kwanza, mimi nilikuwa kwa dada. Alipoimwaga ile oili aliona inang'aa, ina vumbi la metali. Akafungua sampu. Akapima. Tundu la chini la konrodi namba mbili lilikuwa limeshaanza kuwa yai, si duara tena. Angeweza kwenda kwa mama mkwe moja kwa moja. Hakwenda. Alimwita shemeji yake.

"Niliamua mimi," mke wangu akadakia. "Nilimwambia tubadilishe zote na tunyamaze. Nilimshikia taa siku tatu, gereji ikishafungwa. Nikaosha pistoni kwa petroli, nikazipima kwenye mizani yako moja moja, maana nimekuona ukifanya hivyo miaka yote. Kucha zangu umeziona. Uliniuliza nikakudanganya, na nimeumia kukudanganya."

Nikamuuliza Msomi na hizi nukta?

"Injini ni yako, kaka," akasema. "Hakuna haja ya watu kujua. Fundi yeyote anakosea."

Na kule kugonga? Kumbe lilikuwa bati la kukinga joto la ekzosi. Bolti moja ililegea, likipata joto linatanuka na kutulia. Msomi alilisikia jana daktari akiegesha, kabla halijapata joto, na alipita nyumbani kwetu asubuhi ile kuchukua ufunguo, ndipo mke wangu akamwambia kwamba mimi nimeshatangulia. Ile spana ya namba kumi ilikuwa ya kazi hiyo, dakika mbili tu. Nami nilikuwa nimemwaga oili nzima na kufumua chini ya injini isiyo na kosa.

Nikakaa kwenye tairi la akiba. Nilitaka kuona aibu, na iliyokuja si aibu. Nilikuwa namuona mke wangu ameshika taa, siku tatu, uso wake karibu na uso wa yule bwana, wakinong'ona wasiharibu jina langu. Laiti ningewafumania ningejua la kufanya. Hili la kufichiwa kosa na kutunzwa kama mgonjwa sikujua nilifanyeje.

Mke wangu akachuchumaa mbele yangu, akanipangusa oili usoni kwa upande wa mkono wake.

"Alumini hatujawahi kuifunga hapa," akasema. "Hukujua, baba watoto. Hukujua, basi. Yameisha."

Mlango ulikuwa wazi, jamani. Ningesema neno moja tu, "Sikujua", na ningetoka pale nikiwa mtu aliyekosea na kusamehewa. Mke alikuwa upande wangu. Mama mkwe hakuwa na habari. Injini ilikuwa nzima. Hata chakula changu kilikuwa bado cha moto.

Nikafungua mdomo niseme. Msomi naye, kwa upole wake ule ule, kwa nia njema ambayo sitaacha kuikubali mpaka nife, akanitangulia tena.

"Nina kitabu kizuri kuhusu mambo ya metali," akasema. "Nitakuazima, kaka. Tutakisoma pamoja."

Nikasimama.

"Nilijua," nikasema.

Mke wangu akabaki amechuchumaa. "Ulijua nini?"

"Kila kitu. Kwamba alumini inachoka. Kwamba si ya gari la kila siku. Nilijua kabla huyu hajafungua mdomo wake pale mezani, na nilikuwa na maneno mazuri kuliko yake. Hawezi kunifundisha konrodi. Sikuja hapa kufundishwa konrodi."

Nilijisikia mwepesi kwa muda wa pumzi moja hivi. Nilimwangalia Msomi usoni, nikimsubiri ajue kwamba hajanizidi.

Akavua miwani. Safari hii hakuifuta. "Nilipokuuliza kama ni gari la kila siku," akasema polepole, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaiweka ile spana juu ya boneti. Akamwambia mke wangu, "Samahani, shemeji," akatembea mpaka mlangoni na kutoka. Hakuubamiza mlango. Ningefurahi kama angeubamiza.

Mke wangu akainuka taratibu. Alikuwa anafikiri, na mimi namjua akifikiri. Anahesabu vitu kwa kidole gumba kwenye vidole vingine. Ghafla kidole kikasimama.

Kuna jambo moja ambalo hata katika kuungama kote huku nililipita. Daktari anapita mtaani kwetu kila asubuhi. Wiki ile ya kwanza baada ya kuchukua gari lake, alijitolea kumchukua binti yetu na kumshusha shule, kwa kuwa ni njia moja na kiti kipo. Mke wangu alishukuru sana. Mimi nikakataa. Nilisema mtoto anatapika kwenye magari, na kutembea ni afya.

"Binti yetu hatapiki kwenye magari," mke wangu akasema.

Nikaanza kujifuta mikono kwa kitambaa.

"Ulimkataza asipande. Wetu ulimkataza." Sauti yake haikupanda. "Na wale wawili walikuwa nyuma, kila siku, wewe unawaona wakipita."

Nikasema injini sasa ni nzima, hakuna aliyeumia, na wao wenyewe ndio walioamua kunyamaza. Nilisema mengi. Yeye alikuwa ameshatoa simu mfukoni, na nilipoelewa anafanya nini, ilikuwa inaita.

"Daktari, habari za Jumapili," akasema. "Samahani kukusumbua. Gari lako ni zima. Ila mume wangu ana neno anataka kukuambia mwenyewe."

Akaninyooshea simu. Nikatikisa kichwa. Akaibandika sikioni mwangu kwa mkono wake na hakuiachia. Kwa upande wa pili watoto wawili walikuwa wanagombania kitu na kucheka, na mama yao akawaambia wanyamaze kidogo, anaongea na fundi.

"Haya, fundi wangu," daktari akasema, "nakusikiliza."

Mke wangu alikuwa ananitazama mdomo.